Takataka katikati ya mavuno: kisa cha grupu la wakulima wa zabibu Dodoma

Kisa hiki kimeandikwa kwa wanaosimamia magrupu ya WhatsApp ya kazi, yawe ya wakulima, ya vikoba au ya wazazi wa shule. Wahusika wamekubali kitumike kufundishia. Majina, kata na jina la grupu vimeondolewa, na mambo machache ambayo yangemtambulisha mtu yamebadilishwa. Nawaita kwa nafasi zao: Mwalimu, mstaafu aliyeanzisha grupu, Katibu, dada mwenye duka la pembejeo, Bwana Shamba, afisa ugani, Mzee, mkulima wa siku nyingi, Dalali, na Kijana. Mimi niliitwa mambo yakiwa yameshaharibika. Nilisoma mazungumzo yaliyobaki kwenye simu ya Katibu, kisha nikakaa na kamati walipoanza kurekebisha.

## Usuli

Zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, na si zao la kuweka ghalani likisubiri bei kama mahindi. Sukari ikishafika kiwango anachotaka mnunuzi, mkulima ana siku chache tu. Akizidisha, ndege na nyigu wanaanza kula naye, na jua linampunguzia kilo. Wanaolima za mvinyo, kama Chenin Blanc na Makutupora Red, wanategemea viwanda na wanunuzi wanaozunguka na magari. Wanaolima za mezani wanapeleka sokoni Majengo au wanawauzia kina mama wanaopanga makreti kando ya barabara. Wote wanauliza jambo moja kila kukicha: leo kilo shilingi ngapi, na gari linapita upande gani.

Mwalimu alifungua grupu mwaka 2021 kwa ajili ya watu wa kijiji chake. Enzi hizo grupu moja la WhatsApp lilikuwa halizidi watu 256. Kikomo kilipopanda mwaka 2022 hadi 512, kisha 1,024, kata jirani nazo zikaingia. Katibu akaweka linki ya kujiunga kwenye kurasa mbili za Facebook za kilimo, na mlangoni mwa duka akabandika karatasi yenye msimbo wa kuskani. Kufikia msimu ninaousimulia, wanachama walikuwa wanakaribia mia sita.

Grupu lilikwenda vizuri kwa mazoea zaidi kuliko kwa kanuni, maana kanuni iliyoandikwa ilikuwa moja: "Tuheshimiane." Alfajiri Katibu anaweka voisi ya bei. Mtu wa kijiji kingine anamsahihisha: huku kwetu jana jioni wametoa zaidi, msiikubali hiyo. Mchana mtu anapiga picha jani lenye unga mweupe, Bwana Shamba anauliza salfa ilipigwa lini mara ya mwisho na mvua ilinyesha lini, kisha anasema kama ni ugonjwa wa ubwiri unga au ni kitu kingine. Wazee wasiopenda kuandika wanatuma voisi zinazoanza na "Mbukwenyi" na salamu ndefu kabla ya swali lenyewe. Maadmini walikuwa wawili tu, Mwalimu na Katibu, na kwa miaka miwili walitosha.

Jambo moja la usuli naomba lishikwe, kwa sababu ndilo linaloamua mengi huko mbele. Wengi wa wanachama hawa hawako hewani siku nzima. Wananunua bando la siku, wanafungua grupu alfajiri kabla ya kwenda shambani, na wanalifungua tena usiku simu ikiwa kwenye chaji. Katikati hapo data imezimwa, au simu imebaki nyumbani kwa sababu ni ya watu watatu.

## Mambo yalivyokwenda

Takataka za kwanza ziliingia Agosti, mavuno yakiwa yameanza. Namba ngeni iliweka tangazo la kujiunga na Freemason upate nyumba na gari. Hakuna Mtanzania mwenye simu asiyelijua tangazo hilo. Watu wakacheka. "Nipeni gari kwanza, nitakuja kujiunga nikiwa naendesha," mmoja akaandika, na wengine wakaongeza chumvi. Mwalimu akaitoa ile namba. Kesho yake zikaja nyingine: mikeka ya kubeti ya uhakika, mikopo isiyotaka dhamana, linki ya "ajira mpya" inayomtaka mtu ajaze namba yake ya NIDA. Wiki ya pili, usiku ukawa wa video za ngono na alfajiri ikawa ya stika.

Nieleze asubuhi moja tu, kwa sababu nyingine zilifanana nayo. Saa 11:40 alfajiri Katibu ameweka voisi fupi: bei ya mnunuzi wa kwanza, na kwamba gari litasimama njia panda saa nne. Saa 11:52 inaanza stika ya mbuzi anayecheza. Inarudiwa, inarudiwa, skrini nzima mbuzi. Kisha tangazo lilelile refu la mkopo, mara kadhaa mfululizo kutoka namba mbili tofauti. Hapo wanachama wanaamka. "Admini mko wapi?" "Admini amelala." "Toeni huyo mtu!" "Hili grupu limekuwa la wahuni." Mama mmoja anatuma voisi ya kukemea kwa jina la Yesu. Bwana mmoja, kwa nia njema kabisa, anaijibu video ya usiku kwa kuinukuu ili aeleze asivyoipenda, na kwa kuinukuu anairudisha chini, mbele ya macho ya waliokuwa hawajaiona. Wawili wanaanza kubishana kama kukemea ni kazi ya grupu au ya kanisani. Ilipofika saa moja, ile voisi ya bei ilikuwa juu huko, mbali sana kwa mtu mwenye simu inayokwama akipandisha. Saa mbili kasoro mkulima wa kijiji cha mbali akaandika: "Samahani wanangu, bei ya leo jamani?" Hakujibiwa. Meseji iliyofuata ilikuwa ya mtu anayemwambia Mwalimu ajiuzulu.

Niliziweka meseji za asubuhi ile pande mbili. Za kulalamikia takataka zilikuwa nyingi kuliko takataka zenyewe.

Ndipo wakaanza kutafuta mchawi. Mtu akaona kwamba stika zinakuja mara tu bei inapowekwa, akauliza: anayefaidika wakulima wasipoiona bei ni nani? Msimu uliotangulia Dalali aliwahi kukaripiwa kwa kutangaza bei ya chini kuliko ya sokoni, kwa hiyo jibu lilikuwa tayari vinywani. Jina lake likatajwa, picha yake ya profaili ikapigwa skrini shoti na kuzungushwa, naye akatolewa. Siku mbili baadaye alifika nyumbani kwa Mwalimu akiwa na mtendaji wa kata. Alikuwa mpole, akaamkia vizuri, akakaa, kisha akasema ana skrini shoti zote na anajua kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inayoadhibu kutangaza habari za uongo juu ya mtu. Mwalimu aliniambia kwamba baada ya hapo kila simu ilipolia usiku alidhani ni polisi.

Na stika hazikukoma Dalali alipotoka. Hilo peke yake lilipaswa kuwazindua, lakini watu wakasema ana laini nyingine.

Pigo kubwa likatoka kwa namba ya Mzee. Mtu huyu ni wa heshima, ndiye aliyewafundisha nusu ya kijiji kupogoa. Siku hiyo namba yake ikamwaga linki za kubeti. "Shikamoo mzee, hata wewe?" "Uzee mwisho Chalinze." Mwalimu akaitoa. Mjukuu wake alipofika dukani kwa Katibu na bodaboda, ndipo ikajulikana: Mzee alikuwa amepigiwa simu na mtu aliyejitambulisha kuwa anahakiki wakulima wa mbolea ya ruzuku. Tangu mpango huo uanze mwaka 2022, wakulima wamezoea kusajiliwa na kutajiana namba na mawakala, kwa hiyo alipoombwa asome tarakimu sita zilizoingia kwenye simu yake, alisoma. Zilikuwa ni tarakimu za kuhamishia WhatsApp yake kwenye simu ya mwizi. Mwizi alikuwa akiwaandikia marafiki wa Mzee mmoja mmoja, faragha: niko hospitali, nitumie elfu hamsini kwa namba hii. Wawili walituma. Mtoto wa Mzee alikuwa ameshaweka onyo grupuni jioni ya kuamkia siku ile. Niliikuta meseji yake, imekaa katikati ya stika na mabishano, na hakuna aliyeigusa.

## Uamuzi wa kwanza: kulifunga

Mwalimu aliweka grupu katika hali ya maadmini pekee kuandika. Sababu zake zilikuwa mbili na zote zinaeleweka. Alikuwa amechoka, kwani alikuwa anaamka saa nane usiku kufuta video. Na aliogopa kwamba picha chafu zikikutwa kwenye grupu lenye jina lake, yeye ndiye atakayeulizwa.

Utulivu ukarudi siku hiyohiyo. Wanachama wengi walimshukuru. Grupu likakaa kimya hivyo kwa karibu wiki mbili, katikati kabisa ya mavuno, na madhara yake yakaanza kuonekana pole pole. Katibu aliendelea kutangaza bei, lakini ilikuwa bei aliyoipata yeye, kutoka kwa wanunuzi waliopita dukani kwake. Yule wa kijiji cha pili aliyezoea kusema "huku kwetu wametoa zaidi" hakuwa na mahali pa kusemea. Upande mmoja wa kata watu waliuza kwa bei ya Katibu wakati gari lililokuwa kilomita chache mbele lilikuwa linanunua kwa zaidi. Hakuna aliyewadanganya. Sauti ya kusahihisha tu ndiyo ilikuwa imezimwa. Picha za majani nazo zikakoma. Bwana Shamba akapata simu za watu wachache wanaomjua binafsi, wengine wakapiga dawa kwa kubahatisha. Katika wiki hizo wanunuzi wakafungua grupu lao, bei wakawa wanatangaza wao, na wakulima wakahamia huko kwa sababu huko angalau mtu aliruhusiwa kuuliza.

## Uamuzi wa pili: kulifungua kwa mpangilio

Kamati ilikaa dukani kwa Katibu, juu ya mifuko ya mbolea. Kulikuwa na upande uliotaka kuacha mambo yalivyo na kufungua tu. Mzee mmoja akasema kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Katibu akamjibu, "Sawa baba, lakini ng'ombe wetu wameshahamia kisima cha madalali." Sidhani kama kuna hoja nyingine iliyofanya kazi kubwa kuliko hiyo siku ile.

Walichoamua ni hiki. Linki ya zamani ilibatilishwa ili karatasi ya mlangoni na zile kurasa za Facebook zisiingize mtu tena. Wakawasha kipengele kilicholetwa mwaka 2023 kinachomtaka admini amkubali kila anayeomba kuingia, na mwombaji akawa anaulizwa faragha maswali mawili: unalima kijiji gani, na nani hapa anakufahamu. Matangazo ya bei yakahamishiwa kwenye grupu la pili la kusoma tu, lakini sharti likawa kwamba hakuna bei inayowekwa bila kuwa na angalau taarifa ya vijiji viwili. Grupu la mwanzo likabaki la mazungumzo.

Maadmini wakaongezwa kutoka wawili hadi saba, mmoja kila kijiji, vijana na kina mama wakiwemo. Hapa ndipo lile jambo la bando liliposaidia. Pendekezo la kwanza lilikuwa zamu za saa ishirini na nne, na nusu ya waliokuwepo wakaanza kutazama chini. Bwana Shamba akauliza: wanachama wanasoma saa ngapi? Wakakubaliana kulinda vipindi viwili tu, kuanzia saa 11 alfajiri hadi saa 2 asubuhi, na kuanzia saa 12 jioni hadi saa 4 usiku. Kutoka saa 4 usiku hadi saa 11 alfajiri grupu linafungwa kwa wasio maadmini. Mchana likiingia chafu, litafutwa na atakayeliona kwanza. Asipoonekana mtu, lisubiri jioni.

Kisha wakaweka kanuni ya namna ya kufuta. Tangu mwaka 2022 admini anaweza kufuta meseji ya mtu mwingine kwa wote. Waliafikiana: futa, toa, nyamaza. Hakuna kutangaza nani katolewa, hakuna hotuba, hakuna "nimemshughulikia". Na kwa wanachama: usijibu, usinukuu, usicheke, mwambie admini wa kijiji chako faragha.

Mwalimu aliomba radhi kwa Dalali, kwa maandishi na kwa voisi, ndani ya grupu walimomtaja. Wajumbe wawili walipinga, wakisema kuomba radhi ni kumpa ushindi. Alifanya hivyo hata hivyo, na suala la kituo cha polisi likaishia hapo.

## Kijana

Ilibaki kitendawili cha mbuzi. Namba za mikeka na mikopo zilikoma karibu zote linki ilipobatilishwa, jambo linaloonyesha kwamba zilikuwa zinaingia zenyewe popote penye linki ya wazi, bila kujua zabibu ni nini. Mbuzi hakukoma. Na kwa sababu sasa kulikuwa na admini wa kijiji anayezijua namba za majirani zake, aligundulika ndani ya siku chache: ni simu ya mama mmoja mkulima, inayoshikwa alfajiri na mwanawe aliyemaliza kidato cha nne.

Admini alikwenda nyumbani, hakuandika kitu grupuni. Alimkuta Kijana na mjomba wake. Kijana hakukana. Alisema hakuwa na shida na bei wala na mtu yeyote. Alikuwa anapenda kuona watu wazima wanavyopandisha hasira, hasa yule mama wa kukemea, na kwamba siku watu walipokaa kimya alikuwa anachoka haraka. Nilipoyasikia maneno hayo nilirudi kwenye mazungumzo kuyapima. Ni kweli. Siku ambazo admini mmoja alimfokea, mbuzi walikuja mara mbili. Siku ambazo stika ya kwanza haikujibiwa, ilibaki hiyo moja tu.

Tatizo lilikuwa kumtoa. Namba ni ya mama yake, na mama anategemea grupu kuuza. Wakamtoa mama kwenye grupu la mazungumzo hadi mwisho wa msimu na kumwacha kwenye la bei, ambako hakuna anayeweza kuandika. Maswali yake ya shambani admini wa kijiji akawa anamfikishia Bwana Shamba kwa mdomo. Mjomba naye alifanya ya kwake, ambayo sikuyauliza.

## Matokeo

Baada ya kama wiki tatu alfajiri zilikuwa safi. Majaribio yaliendelea kuja, lakini yalikwama mlangoni kwa sababu mwombaji hakuweza kutaja kijiji. Kabla ya mavuno kuisha, wengi waliohamia kwa wanunuzi walirudi, ingawa wanabaki kwenye magrupu yote mawili, na si vibaya.

Mzee alirudishiwa akaunti. Njia ni rahisi mtu akiijua: unajisajili upya kwa namba yako, tarakimu sita mpya zinaingia kwako, ukiziingiza mwizi anatolewa papo hapo. Kama mwizi ameshaweka namba yake ya siri ya hatua mbili, mwenye akaunti husubiri siku 7 ndipo aingie bila namba hiyo, lakini mwizi naye anakuwa nje muda huo wote. Ilibidi Mzee asubiri. Meseji za kuomba pesa ziliripotiwa kwa TCRA kupitia 15040, na watoto wake wakapiga *106# kuhakiki laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Elfu hamsini mbili hazikurudi. Hakuna aliyekamatwa.

Mazungumzo yalipungua, na hilo kamati haikulitegemea. Mtu anafungua la bei, anasikia voisi, anafunga. La mazungumzo anaweza asilifungue siku tatu. Bwana Shamba anasema picha za majani zinazomfikia sasa zimechelewa, ubwiri umeshashika shamba zima. Zamani mtu alikuwa anakuja kwa bei na anaiona picha ya jirani bila kukusudia. Dalali alirudi pia, ila haandiki.

## Uchambuzi

Kosa la kipimo ndilo lililozaa mengine. Mwalimu alipima takataka kwa wingi: leo nimefuta ngapi. Kwa kipimo hicho, kufunga grupu ni ushindi kamili, kwa sababu grupu lililofungwa lina sifuri. Kipimo kilichofaa ni kama mkulima aliyefungua simu saa 12 asubuhi anaiona bei bila kupandisha skrini. Ukipima hivyo, mambo mengi yanabadilika sura. Malalamiko ya wanachama yanahesabika kama takataka, maana yanaizika bei sawasawa na mbuzi. Video iliyowekwa saa tisa usiku na kufutwa saa 11 haijamdhuru mtu ambaye data yake ilikuwa imezimwa. Na watu saba wasiolipwa wanaweza kulinda vipindi viwili. Siku nzima hawawezi, watajitoa mmoja mmoja kama Mwalimu alivyokaribia kufanya.

Waliyachanganya matatizo matatu wakayafanya moja. Kulikuwa na matangazo yanayoingia kwa linki, mwizi wa akaunti, na mtu anayetaka kuona hasira. La kwanza linazuiwa mlangoni. La pili linataka haraka na huruma, maana mwenye namba ni mgonjwa hapo, si mhalifu. Walimtoa Mzee, na hilo lilikuwa sahihi, lakini walimdhihaki bila mtu kumpigia simu ya kawaida kumuuliza. Simu moja ingewaokoa wale wawili waliotuma pesa. La tatu halizuiwi na mlango kwa sababu liko ndani tayari, na dawa yake kwanza ni kimya, kisha mtu anayejua nyumba ni ipi.

Swali la "nani anafaidika" lina mvuto, na kwa Dalali lilikuwa na mantiki nzuri. Halikuwa na ushahidi. Sheria ya 2015 ina kifungu cha 16 kinachogusa habari za uongo na kifungu cha 20 kinachogusa kutuma ujumbe usioombwa. Kamati ilikuwa inajiandaa kukitumia cha pili dhidi ya mtu ambaye tayari alikuwa na kesi nzuri zaidi dhidi yao kwa cha kwanza. Ushahidi wa maana ni namba, saa na skrini shoti inayoonyesha namba nzima, si jina lililohifadhiwa kwenye simu ya mtu. Vitu hivyo hupelekwa kituoni, havizungushwi grupuni.

Kufuta kimya kimya kulifanya kazi, lakini kuna hatari ambayo ilijitokeza mapema kuliko nilivyotarajia. Mkulima mmoja aliandika kwamba mizani ya mnunuzi fulani inaiba kilo. Meseji ikatoweka. Admini wa kijiji kile ni binamu wa mnunuzi. Ukishawapa watu saba uwezo wa kufuta bila kueleza, umewapa pia uwezo wa kumnyamazisha mtu. Katibu aliligundua kwa bahati tu, kwa kuwa aliiona meseji kabla haijafutwa. Sasa wana grupu dogo la maadmini: kila anayefuta anapiga skrini shoti kwanza, anaiweka humo na neno moja la sababu. Malalamiko ya mizani yalirudishwa. Nadhani mpangilio huu ungepaswa kuwepo siku ya kwanza kabla ya zamu zenyewe.

Kutenganisha bei na mazungumzo kuliilinda bei na kukaliumiza shamba. Kamati inajaribu njia ya kati: Bwana Shamba anaweka picha moja ya jani kwenye grupu la bei kila Jumatatu alfajiri, chini kabisa ya voisi ya Katibu, na kusema wenye swali waende upande wa pili.

Lililobaki bila muafaka ni takataka za wenyewe kwa wenyewe. Hakuna aliyebishana kuhusu Freemason. Wamebishana hadi usiku kuhusu misiba. Tangazo la msiba linafuatwa na "poleni" mia moja, na bei inazama vilevile; lakini grupu la wanakijiji lisilotoa pole, mzee mmoja aliuliza, ni grupu la nani? Kwa sasa Katibu ndiye anayeweka tangazo la msiba, mara moja, mchana baada ya saa 2, pamoja na namba ya kutumia rambirambi, na poleni zinaruhusiwa hadi saa 12 jioni. Harusi zimekataliwa. Picha za "asubuhi njema" zenye maua zimepigiwa kura mara mbili na matokeo yamegongana, kwa hiyo bado zipo.